Sio Mitungi, Ni Miwani: MC Mliyemzika Alikuwa Haoni Kioo

Klipu ina sekunde 47. Mwanadada kasimama jukwaani, ufukweni, Dar, saa tisa alasiri, jua la kupasua kichwa. Gauni la njano, miwani kubwa nyeusi, maiki mkono wa kulia, kishikwambi mkono wa kushoto. Anafungua mdomo kutaja wadhamini. Hakuna kinachotoka. Anakitazama kishikwambi, anakaa kimya, anacheka kicheko cha aibu, anainamisha shingo upande kama kuku anayemwangalia mwewe angani. Anataja mdhamini mmoja, anaruka wa pili, anarudi kwa yule yule wa kwanza. Halafu anamkaribisha mgeni rasmi kwa jina la mgeni rasmi wa mwaka jana.

Basi. Mji ukalipuka.

"Kapiga vyombo." "Yuko tungi." "Huyu hata jua limemshangaa." Kuna jamaa kaitia klipu ile wimbo wa singeli chini, kaipunguza kasi pale shingo inapolala, ikapata watazamaji kuliko hafla yenyewe. Wengine wakapanda ngazi, wakasema pombe hailazi shingo namna ile, ile ni unga. Na neno unga likishatajwa hapa mjini halirudi kwenye chupa. Ndani ya siku nne kampuni moja ya maziwa ya watoto, ambayo mwanadada alikuwa kwenye mabango yake, ikasema "imesitisha ushirikiano kwa sasa". Harusi mbili zikaghairi. Mama yake mzazi, mama wa watu wa jumuiya, ambaye hana hata simu ya kupangusa, akawa anapigiwa na wanajumuiya wenzake wakimwambia wanamuombea binti.

Sasa, kabla ya kuendelea kumuombea binti wa watu, kuna kitu kimoja kwenye ile klipu ambacho watu wote wamekiangalia na hawajakiona. Kiko usoni kwake. Ni ile miwani.

Wiki tatu kabla ya hafla, mwanadada huyu alitangazwa kuwa balozi wa duka moja la miwani hapa mjini. Jina la duka halina haja hapa, wanaofuatilia wanalijua. Kwenye picha za tangazo kavaa miwani ile ile aliyopanda nayo jukwaani, fremu ile ile yenye kidhahabu pembeni, na mkononi kashika ile kadi ya majaribio ambayo ukiitazama kwa macho makavu unaona picha ya kawaida, ukivaa miwani unaona na samaki aliyejificha ndani yake. Maelezo chini ya picha yanajisifia kwa herufi kubwa: POLARAIZI HALISI. Tangazo bado lipo mpaka leo, nenda kaangalie.

Na polaraizi halisi ina ugomvi wa zamani na vioo vya kidijitali.

Iko hivi. Mwanga wa jua unakuja ukitikisika pande zote: juu chini, kushoto kulia, mshazari. Ukigonga lami, maji ya bahari au boneti ya gari, sehemu kubwa ya ule unaoruka kuja machoni inakuwa inatikisika upande mmoja tu, wa kulala. Ule ndo mng'ao unaokufanya ukunje uso. Mfaransa mmoja, Étienne-Louis Malus, aligundua jambo hili mwaka 1808 kwa kutazama jua likiruka kutoka kwenye madirisha ya jumba moja Paris. Kioo cha polaraizi ni kama nondo za dirisha zilizosimama. Chukua rula, ipitishe ikiwa imesimama, inapita. Ilaze, inagonga. Mng'ao wa baharini umelala, unagonga nondo, unabaki nje. Macho yanapumzika. Ndo maana wavuvi wanaipenda, maana wanaona mpaka ndani ya maji, na ndo maana dereva anayeitumia mchana kwenye lami iliyolowa hataki kurudi kwenye miwani ya kawaida.

Shida ni kwamba kioo cha LCD, kile cha vishikwambi vingi, kompyuta, kikokotoo, namba za pampu pale sheli, kinatumia chujio hilo hilo. Kwa nyuma kuna taa. Mbele ya taa kuna chujio la kwanza, katikati majimaji maalumu ambayo umeme unayaamuru yaugeuze mwanga au yauache ulivyo, na mbele kabisa chujio la pili. Bila machujio hayo mawili usingeona maandishi wala picha, ungeona mwanga mtupu. Kwa hiyo kila mwanga unaotoka kwenye kioo cha LCD umeshapangwa upande mmoja. Ukiwa umesimama kama nondo za miwani yako, unaona freshi. Ukiwa umelala, nondo zinaukata, na kioo kinakuwa cheusi tii kama simu iliyokufa chaji. Hapo kati, unaona giza giza.

Chujio la miwani na chujio la kishikwambi ni ndugu wa tumbo moja kabisa. Aliyefanikisha karatasi ya bei nafuu ya kuchuja mwanga hivyo ni Mmarekani Edwin Land, ambaye aliomba hati ya uvumbuzi mwaka 1929, na kampuni yake ikaja kuitwa Polaroid. Ndiyo, Polaroid hiyo hiyo ya kamera ya picha za papo kwa papo. Kamera zilikuja kuuzwa 1948, miwani ilitangulia.

Turudi jukwaani sasa, maana kesi iko kule.

Mitandaoni kuna hoja nne ambazo watu wanazitumia kumchoma mwanadada. Ajabu ni kwamba zote nne zinamtetea.

Ya kwanza ni shingo. Eti mtu mzima hawezi kulaza shingo vile bila kitu kichwani. Lakini jaribu mwenyewe. Vaa polaraizi, tazama kioo kilichozimika, halafu laza kichwa kidogo. Nondo za miwani zinalala pamoja na kichwa chako, mwanga unaanza kupenya, maandishi yanaanza kufufuka. Mwili unajifunza hiyo janja wenyewe bila kuambiwa. Mwanadada alilaza shingo mara tatu kwenye sekunde 47, na ukisikiliza vizuri, kila alipoilaza ndipo alipotaja mdhamini sahihi. Akiinyoosha, anapotea. Pombe gani hiyo inayomsaidia mtu kusoma kila anapoyumba?

Ya pili, kishikwambi kilikuwa kimewaka. Watu wamepiga skrinishoti, wamekuza, wamezungushia duara jekundu: "Kioo hiki hapa kinawaka, muongo huyu!" Kweli kinawaka. Kinawaka kwa kamera ya simu iliyorekodi, ambayo haijavaa miwani. Kingewaka kwa yeyote aliyesimama nyuma yake bila miwani. Aliyekuwa na nondo mbele ya macho pale jukwaani ni mtu mmoja tu, na ndiye aliyetakiwa asome.

Ya tatu, "mbona skrini kubwa nyuma ya jukwaa alikuwa anaisoma?" Ni kweli, sekunde ya 30 anageuka, anasoma kauli mbiu ya hafla kwenye ile skrini kubwa bila kukosea hata herufi. Watu wakasema aha, macho yanaona, tatizo ni kichwa. Jamani. Skrini kubwa za matamasha ni taa za LED, vitaa vidogo vidogo maelfu vimepangwa, kila kimoja kinatoa mwanga wake moja kwa moja. Hakuna chujio pale. Mwanga wake unatikisika pande zote kama wa jua, miwani inaupunguza tu kama inavyopunguza kila kitu. Hoja hii ndiyo ingetosha kufunga kesi. Mlevi angeshindwa kusoma kote kuwili. Huyu alishindwa kusoma LCD peke yake.

Ya nne ndiyo tamu. Klipu ya sekunde 47 imekatwa. Video ndefu, ya karibu dakika nne, ilipostiwa na dada mmoja aliyekuwa siti za mbele, na hakuna aliyehangaika nayo kwa sababu haichekeshi. Humo ndani, mshereheshaji mwenzake, yule kaka mwenye ndevu za kuchongwa, anaona mambo yameharibika, anakichukua kishikwambi, anakilaza ndipo anasoma wadhamini wote. Kisha anamrudishia mwenzake kikiwa kimelala vile vile. Na mwanadada anasoma. Anasoma sentensi ndefu ya kumshukuru kila mtu, yenye majina ya taasisi ambayo hata aliyekunywa chai angejikwaa, na anaimaliza kama anakunywa maji. Chini ya video ile kuna waliosema "pombe ilishaanza kushuka." Kwa dakika moja na nusu! Juani!

Kilichotokea ni kwamba kishikwambi kikiwa kimesimama, mwanga wake ulikuwa umelala. Kilipolazwa, maandishi yakajigeuza kama kawaida, na mwanga ukasimama sawa na nondo za miwani. Mwanadada mwenyewe inawezekana mpaka sasa hajui kilichomuokoa.

Kwa haki kabisa, klipu haiwezi kuthibitisha kwamba mtu hajagusa glasi tangu asubuhi. Hakuna klipu inayoweza hilo. Lakini mashtaka yaliletwa kwa ushahidi wa klipu, na ukiifuata sekunde kwa sekunde kila kitu kinaangukia kwenye miwani. Kwa pombe unabaki na maswali: mbona alitembea na visigino virefu juu ya mbao bila kuyumba, mbona sauti haikuvutwa, mbona skrini kubwa aliisoma.

Kuna wabishi watasema: "Nina polaraizi na simu yangu naiona poa." Wanaweza kuwa na haki, na bado haimsaidii mtu. Vioo havikuumbwa sawa. Kuna watengenezaji wanaoliweka chujio mshazari makusudi, ili simu isizime ikisimama wala ikilala, inafifia tu kidogo kila upande. Kuna zinazozima zikilala, kuna zinazozima zikisimama. Hata simu za kioo cha OLED, ambazo kwa kweli hazihitaji machujio mawili ya LCD, nyingi zina utando wa juu wa kuzuia mng'ao, na utando huo nao unaweza kugombana na miwani. Wengine hawaoni giza, wanaona rangi rangi kama mafuta yaliyomwagika kwenye dimbwi. Hiyo mara nyingi ni plastiki ya kulinda kioo inacheza na mwanga. Na ukikaa kwenye gari umevaa polaraizi ukatazama vioo vya pembeni, utaona madoa doa kama ngozi ya chui. Kioo kizima, hakina kasoro, ndivyo kilivyopikwa kiwandani.

Mchekeshaji mmoja wa hapa mjini, mwenyewe huwa anahadithia na kucheka, alishawahi kupeleka simu kwa fundi mchana kweupe akilalamika kioo kimekufa. Fundi akaichukua, akaifuta kwa kitambaa, akampa ikiwa inawaka, akamdai elfu kumi. Jamaa akalipa, akavaa miwani yake, akatoka nje, simu ikafa tena. Alirudi mara mbili kabla ya kuelewa.

Huyo kaliwa elfu kumi. Mwanadada kaliwa jina.

Na hapa ndipo lawama inapohama. Watu wa mitandaoni ni watu wa mitandaoni, wanacheka wanahama. Swali ni kwa menejimenti yake. Timu ile ina mtu wa picha, mtu wa mitandao, meneja na msaidizi wa meneja. Haiingii akilini kwamba wote hao hawajawahi kutazama simu wakiwa wamevaa miwani ambayo wao wenyewe wanaitangaza. Walichotoa ni taarifa ya mistari mitatu: "msanii wetu alikuwa na uchovu, tunaomba radhi." Uchovu! Mjini hapa uchovu ni jina la heshima la ulevi, kila mtu anajua. Yaani wamekiri kosa ambalo hakulifanya.

Kwa nini? Pesa. Kusema "miwani ilimzuia kuona kishikwambi" ni kumwambia kila mteja wa lile duka kwamba bidhaa ina jambo lake. Mkataba wa ubalozi ungeyumba. Kwa hiyo kwenye mizani wakaweka hela ya duka upande mmoja na jina la binti upande mwingine, wakachagua hela, kisha hela ya maziwa ya watoto ikaondoka, ambayo watu wa mjini wanasema ilikuwa kubwa mara kadhaa kuliko ya miwani. Hata kama hujali utu, hiyo ni hesabu mbovu.

Tena duka lenyewe lisingeumia. Kuzima kwa kioo ndiyo ushahidi wa bei rahisi kuliko wote kwamba polaraizi ni ya kweli. Mwenye duka mjanja angerekodi video, akamvalisha mwanadada miwani, akamgeuzia kishikwambi mbele ya kamera, giza, mwanga, giza, mwanga. Wangeuza mpaka stoo ingeisha. Badala yake wamekaa kimya wote, na binti anaitwa mteja wa unga.

Mwandaaji wa hafla naye asijifiche. Mazoezi yalifanyika usiku wa kuamkia siku hiyo, ukumbini, taa za kawaida, hakuna aliyevaa miwani. Kishikwambi kikasomeka vizuri, watu wakaenda kulala. Kesho yake mtu yule yule, kishikwambi kile kile, jua kali na miwani ya mkataba usoni. Marubani hawafanyi mchezo huo. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, inashauri rubani asivae polaraizi, sababu mojawapo ikiwa ni kwamba inaweza kufifisha au kufuta kabisa vioo vya mitambo mbele yake. Kama mtu anayeendesha ndege anaambiwa aiache nyumbani, mwandaaji wa hafla ya ufukweni angeweza basi kuchapisha majina ya wadhamini kwenye karatasi. Karatasi haina chujio.

Na yeye mwanadada, kwa mapenzi yote, angeivua. Sekunde ya kwanza ameona giza, angeipandisha kichwani, mkataba ungengoja. Inasemekana mkataba unamtaka akae na miwani usoni muda wote wa hafla za mchana. Kama ni kweli, aliyesaini kwa niaba yake ana maswali ya kujibu.

Jambo hili haliishii kwa mastaa. Kila siku mchana, barabarani, kuna bodaboda kafunga simu kwenye usukani, ramani inamuongoza, abiria nyuma, miwani ya polaraizi usoni kwa sababu jua ni kali na muuzaji kamwambia ni nzuri kwa barabara. Ni nzuri kweli. Lakini kama simu yake ni ile inayozima ikisimama, ramani imepotea. Atafanya nini? Atafanya alichofanya mwanadada: atalaza shingo. Sekunde mbili, tatu, macho kwenye simu, kichwa upande, daladala mbele inafunga breki. Huyo hakuna atakayemtengenezea klipu yenye singeli. Dawa yake ni ndogo mno: kabla ya kuwasha pikipiki, vaa miwani, itazame simu ilivyofungwa, ikiwa nyeusi ilaze. Wenye magari mapya yanayoonyesha spidi kwenye kioo cha mbele nao wajiangalie, maandishi yale yanaweza kupotea kabisa ukivaa polaraizi.

Halafu kuna wale walionunua Kariakoo kwa elfu tano wakaambiwa polaraizi, na simu zao hazijawahi kufifia hata siku moja. Pole. Uwezekano mkubwa umeuziwa plastiki nyeusi. Ile kadi ya samaki muuzaji anayotembea nayo, anayokuwekea mbele ya miwani moja ya sampuli, haimaanishi kwamba miwani uliyofungiwa kwenye mfuko ndiyo iliyojaribiwa. Fungua kioo cha simu, weka ukurasa mweupe, ongeza mwanga mpaka mwisho, vaa miwani uliyolipia, halafu izungushe simu taratibu kama usukani. Ikififia upande mmoja na kung'aa upande mwingine, umepata yenyewe. Isipobadilika, jaribu na kikokotoo cha duka au simu ya rafiki, maana inawezekana simu yako ni ya aina isiyoonyesha. Ukiwa na miwani mbili, zipachike moja juu ya nyingine na ugeuze moja: polaraizi mbili zikikatana zinakuwa giza, kama usiku wa mgao wa umeme.

Na polaraizi peke yake haimaanishi jicho limelindwa. Kukata mng'ao ni kazi moja, kukata miale ya urujuanimno ya jua ni kazi nyingine, na hiyo unaitafuta kwenye maandishi ya UV400. Miwani nyeusi isiyo na ulinzi huo inaweza kuwa mbaya kuliko kutovaa, kwa sababu mboni inatanuka kwenye kivuli na inaweza kupokea miale zaidi. Duka lile la mwanadada, kwa haki yake, limeandika vyote viwili.

Kuhusu yule mshereheshaji mwenzake mwenye ndevu za kuchongwa. Jumamosi iliyopita alionekana akisherehesha hafla ya familia ya ile ile kampuni ya maziwa, kazi ambayo kabla ya klipu ilikuwa ya mwanadada. Ilikuwa mchana, uwanja wa wazi, jua lile lile. Na wiki hiyo hiyo duka la miwani nalo limemtambulisha kuwa balozi wake mpya. Picha zipo. Miwani yenye kidhahabu pembeni ameipandisha kichwani, juu ya nywele, hafla nzima. Mkononi hana kishikwambi. Ana kadi za karatasi.